Niitikie

Mama yangu alinipigia mchana: mpangaji wa chumba cha uani anaingia kesho, njoo uchukue sanduku lako, la sivyo atalikalia kama kigoda. Nikafunika cherehani mapema, nikamchukua binti yangu, tukaenda. Tulifika jua likizama.

Sanduku lenyewe ni la bati, la enzi zangu za bweni. Binti alikuwa anaanza sekondari wiki hiyo, shule ya kulala, na mimi ni fundi nguo. Sinunui kipya wakati cha zamani bado kinafungika. Alinuna njia nzima. Alitaka begi la magurudumu kama wenzake.

"Mke mwenzangu kanuna," mama yangu alimtania mlangoni. "Njoo basi uone uchafu wa mama yako."

Chumba kilinuka rangi mbichi. Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Nikaligonga kwa nyundo, likaachia.

Kila kitu kilikuwamo. Kitana chenye meno yaliyong'oka. Utepe wa bluu. Kipande cha kioo tulichokuwa tukikigombania asubuhi. Na vikaratasi, vingi, vimekunjwa pembetatu, vile tulivyorushiana mwalimu akigeukia ubao.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tulikuwa watatu, matroni akituita mafiga. Mimi niliitwa Sindano kwa kuwa nilishona sketi za bweni zima. Twiga alikuwa mrefu na mkimya. Chiriku alikuwa mdomo tu, kutwa anaongea. Homa ilimchukua tukiwa kidato cha tatu.

Binti, aliyekwisha kusahau kununa, alikunjua kikaratasi kimoja akakisoma kwa sauti.

"Sindano, leo nitachelewa kurudi bwenini. Matroni akiniita, niitikie. Siku ukiitwa wewe, nami nitakuitikia. Wako, Chiriku." Akacheka. "Kumbe mlikuwa mnadanganya?"

"Matroni alisoma majina kwa tochi, nyuso hakuzitazama," nikamwambia. "Aliyekuwa karibu alisema 'nipo', mambo yakaisha. Ndio ulikuwa urafiki wetu."

Yaliyobaki sikumwambia. Siku tuliyomzika Chiriku, matroni alisoma jina lake kwa mazoea. Na Twiga, naye kwa mazoea, akaitika.

Twiga hakumaliza mwaka. Alirudishwa kwao akiongea bila kupumzika, yeye aliyekuwa mkimya kuliko sote. Mama yake aliapa mpaka anaingia kaburini kwamba yule siye mwanawe. Watu walisema ni huzuni imemzidi, na mimi nikasema hivyohivyo. Mwezi uliopita nilisikia Twiga naye amefariki.

"Sindano..."

Sauti ilitoka nje, upande wa dirisha.

Mama yangu aliacha kufagia. Dirisha lile linatazama uani, na geti la uani alikuwa amelifunga mwenyewe tulipoingia. Halafu jina hilo. Hakuna anayeniita hivyo tena. Hata mume wangu halijui.

"Usiitike," mama alininong'oneza, akanishika mkono.

Alininong'oneza mimi. Mtoto hakuna aliyemwambia.

"Sindano... upo?"

Harufu ya rangi ikapotea. Ikaja ya mafuta ya mgando na dawa ya chumba cha wagonjwa. Nilitaka kumgeukia binti, nimwambie nyamaza, usiseme kitu. Shingo ilikataa. Ulimi ukawa mzito mdomoni.

Mtoto huyu nimemlea kwa mkono mkali. Samaki mkunje angali mbichi, nilisema kila siku. Mtu mzima akiita, unaitika mara moja, humsubirishi mlangoni. Basi aliniona nimeduwaa, akasikia mgeni anangoja nje, na karatasi bado anayo mkononi. Akatabasamu. Alidhani ananitendea wema.

"Abee," akasema. "Nipo."



Kisha dirisha likajifunga, taratibu.

"Mwanangu," nikaita, sauti iliponirudia.

Alikuwa ameinama juu ya sanduku, anaikunja ile karatasi. Pembe juu ya pembe, ncha imechomekwa ndani. Sijawahi kumfundisha.

"Kitana changu bado unacho," akasema bila kuinua uso. "Wewe hujui kutupa kitu, Sindano."

Mama yangu aliketi palepale sakafuni, ufagio mkononi.

Tumekwenda hospitali. Daktari amesema ni umri, atatulia. Tumeombewa, na katika kuitikia amina alituzidi sote. Baba yake amefurahi, anasema binti amechangamka, zamani upole ulimzidi. Shule nimemzuia kwanza. Anakaa nami dukani, anaongea tangu asubuhi, na wateja wanampenda. Mimi naenda kulia chooni ili asinione, maana akiniona ananibembeleza, na hilo ndilo siliwezi.

Ninachoogopa zaidi ni jioni. Jua likizama tu, nyuma ya nyumba yetu, ukutani...

"Mama..."

Namjua mwanangu. Namjua anavyolivuta neno hilo akisikia baridi.

"Mama, uko wapi? Niitikie."

Nilimuuliza mama yangu: nikiitika, atarudi yeye au nitakwenda mimi? Au kutaingia kitu kingine kabisa, na yeye abaki hukohuko? Akasema hajui. Akasema angejua, angeshaitika yeye, mzee asiye na cha kupoteza.

Jana nilishindwa kuvumilia. Alikuwa anaita huku analia. Nikasimama, nikalisogelea dirisha. Liwalo na liwe, nikasema moyoni, mtoto wangu hawezi kulala nje na mimi ninamsikia. Nikafungua mdomo.

Mkono mdogo, laini, ukaniziba kutoka nyuma. Ulinuka mafuta ya mgando.

"Usiitike, Sindano," akaninong'oneza sikioni, kwa upendo kabisa. "Mimi si nipo?"

Nje, mwanangu aliita tena.