Dumu la Njano

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Chiriku alikuwa na mgonjwa wa kumnywesha maji. Mgonjwa mwenyewe alikuwa gari la baba yake, lililoegeshwa ubavuni mwa nyumba, buluu yake imepauka kama suruali ya mpaka rangi. Majirani waliliita Kikohozi. Likiwashwa, kuku wa mtaa wa pili walikimbilia uvunguni, na watoto wachanga waliacha kulia wakidhani wamepata mshindani. Hayo ya kuku ni kweli kabisa. Ya watoto yametiwa chumvi kidogo.

Chiriku alifungua boneti, akazungusha kifuniko cha rejeta, akamimina maji kutoka kwenye dumu la njano mpaka yakajaa. Kesho yake yalikuwa yamepungua tena.

"Linakunywa kuliko ng'ombe," baba alisema. Kisha alilijaza dumu upya na kulirudisha kwenye buti, maana bila maji ya akiba gari lilichemsha kabla ya kufika sokoni. "Na usiende kuyatangaza huko shuleni. Mambo ya gari letu ni ya humu ndani."

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu. Mama alikuwa muuguzi katika hospitali ya mbali na alikuja kwa nadra. Baba alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Basi maneno yote ya nyumba yakamwangukia mtoto, ndiyo maana akaitwa Chiriku. Aliyamwaga kwa Kinanda, rafiki yake wa dawati moja, mtoto wa fundi cherehani wa upande wa pili wa mji, aliyepewa jina hilo kwa kuimba hata katikati ya hesabu. Alimwambia Kinanda kila kitu, isipokuwa habari ya dumu.

Baba alipopata kazi ya ghalani, karibu na nyumbani, aliamua kuliuza gari. Mnunuzi akawa mama yake Kinanda, yule fundi cherehani, aliyetaka kupeleka sare za shule kwa wateja wa miji ya jirani.

Siku ya kuliangalia gari, baba alimvuta Chiriku pembeni.

"Hebu toa lile dumu kwenye buti. Liweke jikoni."

"Sasa si litachemsha?"

"Nimesema jikoni."

Kwa hiyo Chiriku alikuwa mlangoni mwa jikoni, dumu mkononi, fundi cherehani alipokuwa akilizunguka gari, futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Kukohoa nakusikia mwenyewe, shemeji," alisema fundi. "Hilo nitalivumilia, hata marehemu babu yangu alikohoa miaka yote na shamba alilima. Ninachokuuliza ni kimoja. Halichemshi?"

"Hata siku moja," alisema baba. "Hili ni chuma hasa."

"Kweli? Maana likinichemkia njiani na mizigo ya watu, nimekwisha."

"Fundi, wewe ni wa kudanganywa na mimi?"

Fundi akacheka, akatia saini. Karatasi ilisema gari limeuzwa kama lilivyo. Chiriku alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, hakikutoka kitu.

Gari halikumaliza wiki. Katikati ya mlima, likiwa limejaa sare, lilitoa mvuke wa kutosha kuzipiga pasi zote. Fundi wa magari aliyekuja kulivuta alitikisa kichwa. Injini imepinda kwa joto, alisema, na huu si ugonjwa wa jana.

Asubuhi iliyofuata Kinanda alisimama kando ya dawati lao. Hakuwa akiimba.

"Ulijua?"

Chiriku aliangalia vidole vyake. Kinanda alisubiri, kisha akachukua rula yake na daftari zake akahamia dawati la mbele. Hakumtukana wala kumsema kwa wenzake. Aliondoka tu, na nafasi aliyoiacha ikabaki pale, kubwa kuliko darasa.

Siku zilizofuata Chiriku alikula peke yake, akarudi nyumbani peke yake, akafungua mlango wa nyumba isiyo na mtu. Jikoni, dumu la njano lilikuwa likimtazama. Aliligeuza likaangalia ukuta. Upande wa nyuma nao ukamtazama.

"Baba, Kinanda hasemi na mimi," alisema siku moja wakinywa chai.

"Atasema. Gari la mkononi ni bahati. Karatasi inasema kama lilivyo, na mimi si duka." Baba akaipuliza chai iliyokwisha kupoa. "Na wewe siku ile hukusikia kitu. Sawa?"

Fundi cherehani hakukaa kulia. Alipanda ngazi hadi chumba kidogo juu ya duka la dawa, kwa mwanasheria aliyewashauri watu bure. Watu walimwita Mama Vifungu, kwa sababu hata ukimsalimia atakutajia kifungu cha sheria kinachohusu salamu. Mama Vifungu akamwita baba yake Chiriku.

"Twende wote, usibaki peke yako," baba alimwambia bintiye. Alipomwona ametoka na dumu, akauliza, "Hilo la nini?" Chiriku alilikumbatia dumu, akatangulia njiani.

Mama Vifungu aliwasikiliza wote wawili, kisha akavua miwani.

"Fundi, ungelinunua kwa mfanyabiashara wa magari, kazi yangu ingekuwa rahisi. Yeye anabanwa auze kitu kinachofaa. Mtu anayeuza gari lake mwenyewe habanwi hivyo, na kukagua ni kazi yako. Ulikwenda na fundi wa magari?"

"Sikwenda naye, mama."

"Hapo ulikosea."

Baba akanyoosha mgongo. "Si nilisema mimi!"

"Ngoja, baba, usishangilie, mpira haujaisha. 'Kama lilivyo' inafunika ubovu, haifuniki uongo. Kikohozi alikisikia mwenyewe, kwa hicho hana dai. Lakini kama aliuliza jambo, akajibiwa uongo, na akanunua kwa kuliamini jibu hilo, karatasi yako haikuokoi. Sasa nauliza. Aliuliza kama linachemsha?"

"Niliuliza," alisema fundi.

Baba alitazama dirisha. "Sikumbuki."

"Basi ni neno lake na lako. Nani mwingine alikuwepo?"

Chiriku alimtazama baba yake. Akisema, atakuwa amemwaibisha mtu pekee aliyebaki naye nyumbani. Asiposema, Kinanda hatarudi kamwe. Aliinuka, akaliweka dumu juu ya meza.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "mimi siwezi tena kukaa na hili dumu peke yangu."

Wanawake wawili hawakuelewa. Baba alielewa. Alilitazama dumu, mabega yakimshuka.

"Aliniuliza," alisema mwishowe. "Nikasema hata siku moja. Na huyu mtoto nilimtuma alifiche dumu, maana bila dumu hili gari lilikuwa haliendi popote. Nisamehe, fundi."

Mama Vifungu alieleza kwamba fundi angeweza kudai kulirudisha gari na kurudishiwa fedha zake. Fundi alikataa. "Nataka gari linalotembea, na sare za watu zifike." Wakakubaliana baba atalitengeneza kwa gharama yake na, mpaka litakapopona, mizigo ataibeba yeye.

Wakati wa kurudi, dumu lilikuwa mkononi mwa baba.

"Nilidhani nauza gari tu," alisema. "Kumbe nilikutwika uongo wangu, na ukaubeba peke yako. Nisikilize, mwanangu. Ukiuza kitu, ukiulizwa ubovu wake, utaje. Ukinunua, uliza, nenda na anayejua, na majibu yaandikwe. Na mkubwa akikutuma umfichie uongo, kataa."

"Hata ukiwa wewe?"

"Hasa nikiwa mimi."

Kinanda hakurudi kesho yake, wala wiki ile. Chiriku aliendelea kukaa peke yake, ingawa sasa alilala usingizi. Kisha asubuhi moja kuku wa mtaa wa pili wakakimbilia uvunguni. Gari la buluu, lililotoka kutengenezwa, lilisimama mbele ya nyumba likikohoa bado, fundi cherehani ameshika usukani, na Kinanda akachomoza kichwa dirishani.

"Mama anauliza, kuna ubovu mwingine?"

Chiriku akavuta pumzi. "Kitasa cha mlango wa nyuma kinakwama, ukipiga honi taa inazimika, mvua ikinyesha kiti cha kushoto kinalowa, halafu kifuta kioo..."

Kinanda akasogea, akamwachia nafasi kwenye kiti.

"Panda," alisema. "Utamalizia njiani."