Ubao wa Tezi

Watu wote wanamwita Gundi, kwa sababu hajawahi kuonekana bila resini, ile gundi ya faibaglasi, iliyokaukia kwenye kucha. Hata harusini kwake alikwenda nayo. Ni fundi wa boti za faibaglasi, mtu wa kupima na kukata, na habari za mizimu alikuwa akizicheka waziwazi. Siku ile ilianza kama siku zake zote: jua kali, redio ikikoroma, chai ikipoa juu ya pipa.

Boti iliyokuwa kwenye magogo karakanani mwake ilikuwa ya mdogo wake wa kike. Mwaka uliopita mumewe alitoka nayo asubuhi, boti ikarudi peke yake, injini ikiunguruma. Mwili haukupatikana. Sasa mjane alitaka kubebea abiria mwenyewe, maana hakuwa na mbele wala nyuma, na matengenezo yakiisha tu angeishusha majini.

Gundi akaugonga kwa mpini wa nyundo ubao wa tezi, ule wa nyuma unaobeba injini. Mbao nzima hujibu kwa sauti kavu. Huu ulijibu kwa sauti nzito, bubu, kama tikiti lililooza. Akachana ngozi ya faibaglasi, akachokoa kwa patasi. Ukatoka uji mweusi unaonuka. Akaukwangua wote mpaka pakabaki patupu, kisha akamwita mdogo wake mezani wachague cha kuweka.

"Hii mbao ngumu ina nguvu, ila ikinywa maji inavimba na kupasua faibaglasi. Plaiwudi hii ya baharini ni nzuri, lakini tundu moja la skrubu lisipozibwa, tutarudi hapa hapa. Sasa hili povu gumu, halinywi maji wala haliozi. Tuweke hili, tulale usingizi."

Mdogo wake akalibonyeza lile povu kwa kidole, akatikisa kichwa. "Hili halina pa kukaa mtu."

"Nani akae ndani ya ubao, wewe?"

Akatazama mlangoni, kisha akanong'ona. "Ananigongea, kaka. Kila nikija kuosha boti, ananigongea hapo nyuma. Nami namsemesha. Weka mti. Usimfukuze shemeji yako."

Gundi alitaka kucheka, akajizuia. Tangu msiba mdogo wake alikuwa amekonda, hali, hasemi na mtu. Leo alikuwa amechana nywele. Fundi aliyekwisha kugombana na wateja chungu nzima waliobishia ushauri wake akachukua plaiwudi. Alimwonea huruma, basi.

Akakata, akapachika, akaufunika ubao kwa tabaka za kitambaa cha faibaglasi na resini. Alasiri resini ikawa imeshika, ngumu na angavu. Akachukua nyundo kukagua kazi yake.

Kulia, sauti kavu. Kushoto, kavu. Katikati, bubu.

Akaguna. Pengine hewa imenasa. Akapaweka alama kwa kalamu, akapagonga tena. Kavu. Ububu ulikuwa umesogea shubiri moja. Akaufuata. Ukahama. Akaufuata tena. Ukahama tena.

Akaiweka nyundo chini.

Ubao ukaendelea kugongwa. Kwa ndani. Polepole.

"Umesikia?" Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma yake, machozi yakimtiririka, anacheka. "Si nilikwambia? Asubuhi naenda naye majini."

"Usiende, mdogo wangu."

"Kaka, mwaka mzima nimemngoja."

Asubuhi Gundi aliwahi karakana kabla ya mtu yeyote. Chini ya ile resini ya jana, kati ya mti na kitambaa, palikuwa na alama ya mkono. Kiganja kizima, vidole vimetanuka, kimesukuma kutoka ndani. Hakufikiria mara mbili. Akawasha msumeno wa umeme.

Mdogo wake akaingia mbio, akajitia kati yake na boti. "Ukimkata, mimi na wewe basi!"

Akazima. Angefanya nini? Mdogo wake akageuka, akaweka kiganja chake juu ya ile alama, akafumba macho. Alitabasamu. Gundi hakuwa ameliona tabasamu lile tangu siku boti iliporudi, na moyo ukamuuma.

Kisha tabasamu likafifia. Akaanza kupapasa. Kidole cha kwanza. Cha pili. Akarudi mwanzo, akapapasa upya, taratibu.

"Kaka," akanong'ona. "Mkono wa mume wangu naujua."

"Ndiyo."

"Huu si wake." Akauvuta mkono wake, akaukumbatia kifuani. "Na jana nilimkaribisha huyu nyumbani kwangu."