Tabaka la Tatu

Vigae vya kaunta mpya vilikuwa na mafuta. Moelagi alivifuta asubuhi, akavifuta tena baada ya chai, na alipoinamia sinki kuosha majani ya magimbi, harufu ikampanda puani: mafuta ya nazi yaliyotiwa maua ya mosooi. Hayakuwa mafuta ya kupikia. Kijijini kwao, kisiwani Savai'i, mafuta hayo hupakwa wacheza ngoma siku za sherehe, na maiti kabla ya kuvishwa.

"Nani kamwaga mafuta hapa?"

"Mimi sijaingia jikoni kwako," alijibu mumewe, Poutoa, kutoka barazani. "Naogopa hata kukanyaga. Kunang'aa kuliko kanisa."

"Woga wako unaisha sufuria ikichemka."

Walicheka. Siku hiyo alikuwa bado na furaha ya jiko lake.

Tangu aolewe, alikuwa akipika katika jiko la mama mkwe wake, Lemapu: kaunta ya ubao uliovimba kwa maji, ukuta wenye masizi, dirisha lisilo hata na kizingiti cha kuweka kikombe. Lemapu hakuruhusu msumari ubadilishwe. Alipofariki alizikwa mbele ya nyumba, kama wazee wote wa ukoo, mkabala na dirisha la jiko. Binti yake aliyeko ng'ambo, Auckland, akatuma vigae vyeusi vyenye mishipa myeupe, vya kutosha kaburi la matabaka matatu, kwa sababu wapita njia huhesabu matabaka, na kwa hayo hujua aliyelala pale alikuwa nani.

Moelagi naye alikuwa akizunguka maduka ya mjini Apia kutafuta vifaa vya jiko. Alirudi na kipande cha fomika, akakiona kitabanduka kwa mvuke. Akaleta ubao wa ifilele, mti mgumu na mzuri, lakini ubao alikuwa ameuchoka. Akaleta kigae cheupe cha ukuta wa nyuma ya jiko, akapaka manjano kidole, akakigusa, na doa halikutoka. Kila alicholeta alikipeleka stoo, akakiweka kando ya vile vigae vyeusi, na kila kimoja kilionekana cha kimaskini.

Poutoa, aliyewahi kufanya kazi ya ujenzi, alijenga kaburi kwa mikono yake. Alipomaliza tabaka la pili, Moelagi alimpelekea maji ya kunywa.

"Mawili yanatosha, Baba Sefina."

"Mama aliahidiwa matatu."

"Aliye chini hapiki. Mimi napika."

Poutoa alikunywa maji, akamrudishia kikombe. Kisha alivibeba vigae vilivyobaki hadi jikoni, akavikata kufuata sinki, akatandika kaunta, akapandisha ukutani, na vipande vya mwisho akavifanyia kizingiti cha dirisha. Dada yake wa Auckland aliambiwa vingine vilivunjika melini.

Baada ya siku ya mafuta, Moelagi aliingia jikoni mchana, joto limetulia juu ya kijiji kama kifuniko, akamkuta binti yake amelala chali juu ya kaunta, mikono imepishana kifuani. Sefina alikuwa na miaka sita, na bibi yake alipokuwa hai walilala pamoja kila mchana.

"Shuka. Hapo pa chakula."

"Bibi kasema nimpashie moto nafasi yake."

Moelagi alimshusha. Mgongo wa mtoto ulikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu.

Hakumwambia mumewe. Jioni ile kombe la baharini lilipopulizwa kutangaza saa ya sala, wakaketi kwenye mikeka, na Poutoa akaanzisha wimbo. Ndipo kule jikoni ikasikika sauti ndogo, ya ukucha ukipita juu ya kigae na kukwama kwenye mfereji wa saruji, ukipita tena na kukwama tena, polepole, kama mtu anayehesabu mali yake. Poutoa hakuacha kuimba, na Moelagi naye akaimba, kwa nguvu kuliko kawaida, kwa kuwa aliona kwamba mtoto pekee ndiye asiyeimba. Alikuwa ameinua uso kuelekea jikoni, akitabasamu, na midomo yake ikifuata ile hesabu.

"Umesikia?" Poutoa alinong'ona sala ilipokwisha.

"Panya."

"Panya gani anahesabu, Mama Sefina?"

Tangu hapo chakula kilichowekwa juu ya kaunta hakikulika. Magimbi yaliyotoka motoni yalinuka udongo wa kuchimbwa leo. Sefina aliacha kula, akapungua, mwili ukawa baridi mchana na usiku, na kila alipopotea walijua pa kumtafuta. Jioni moja Moelagi alimkuta amekaa kwenye kizingiti cha dirisha, akilitazama kaburi, nywele zake alizosukwa asubuhi zimefumuliwa, zimechanwa hadi kiunoni na kupakwa mafuta ya mosooi kwa utaratibu wa mkono uliozoea, nywele za msichana zilizoachwa wazi dirishani saa ya magharibi, jambo ambalo hakuna mama kijijini humo angelifanya kwa kuogopa pepo wa jioni, na mle jikoni hamkuwa na mtu wala chanuo.

Wakamwita Bibi Tapaau, mganga wa kukanda. Alimkanda mtoto tumbo na mgongo, kisha akamwinamia sikioni.

"Wewe nani?"

Sefina alikohoa. Kikohozi kile Poutoa alikijua tangu utoto wake, akajifunika uso.

"Ni wa nyumba hii," mtoto alisema kwa sauti nzito ya kikongwe. "Kitanda changu mmekipeleka jikoni, nami nimekifuata. Mbona mnanikatia vitunguu kifuani?"

"Kitanda kipi, mama?"

"Muulize mpishi."

Bibi Tapaau akamgeukia Moelagi. Moelagi alieleza kwa sauti isiyofika mlangoni.

"Ving'oeni," alisema mganga. "Virudi nje kabla ya kombe kulia. Mtoto huyu haoni kesho akiwa humu na mawe hayo."

Poutoa aling'oa kaunta, ukuta na kizingiti, mkewe akibeba. Juu ya kaburi alitandaza vile vigae, akavigeuza hivi na hivi. Havikufika. Vilikuwa vimekatwa kwa vipimo vya jiko, na sasa kila alivyovipanga vilitoa tabaka fupi na jembamba katikati ya kaburi pana.

"Mbona dogo?" aliuliza Bibi Tapaau.

"Ndivyo vilivyobaki," alisema Poutoa, akivibandika kwa saruji.

Kombe likalia. Mlangoni akatokea Sefina, anatembea mwenyewe, mashavu yana damu.

"Mama, nina njaa," alisema, kwa sauti yake.

Moelagi alianza kulia kwa shukrani. Lakini mtoto alipita mbele yake, akapanda kaburini, akalala chali juu ya tabaka la tatu. Utosi ukagusa ukingo wa juu, visigino ukingo wa chini. Hapakuzidi wala kupungua.

"Limenitosha," alisema.

Bibi Tapaau alianza kukunja mkeka wake.

"Mama mkwe wako amelala," alimwambia Moelagi chini chini. "Yeye hana tena neno nanyi. Lakini hili la juu mmelijenga kwa kipimo cha mwingine. Ombeni akue upesi, alipite."

Kesho yake Poutoa alichukua nyundo. Kwa pigo la kwanza, Sefina aliyekuwa ndani alilia, akashika mbavu. Nyundo ikarudishwa stoo.

Moelagi anapika tena juu ya ubao uliovimba, mbele ya dirisha lisilo na kizingiti. Sefina anakula vizuri, anaongoza darasani, anawatania wadogo zake wawili waliozaliwa baadaye, nao humtania kwa kuwa wote wamempita kimo. Mchana wa joto hutoka kulala pale nje. Mama yake huacha kisu, akatazama visigino vyake. Vinafika ukingoni. Havijawahi kuupita.