Alipimwa Amesimama

Simu ilitetemeka mara mbili, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Sindano aliipokea huku akishuka ngazi mbili mbili.

"Mgonjwa ameomba gari," sauti ya Mkuu ilisema.

"Saa ngapi?"

"Saa tano kamili. Dereva aliyetumwa na kampuni ya teksi tumemshusha njiani. Dereva sasa ni wewe."

"Na dawa?"

"Ataingia nayo garini. Anaitoa wapi, hatujui. Tunachojua ni inakokwenda."

Sindano alijua pia. Matangi ya maji ya mji. Chupa moja ya sumu, iliyovushwa mpakani na watu wasiolala hapa wala kunywa maji ya hapa. Ikimwagwa humo, watu wangefungua bomba jioni, wapike, wanyweshe watoto, walale. Wengi wao wasingeamka.

Alitazama Casio yake. Saa nne na dakika kumi na mbili.

"Mkuu, huu mkoba wa bastola mlionipa ni wa kiunoni."

"Una kasoro gani?"

"Ndio aina aliyovaa kaka."



"Una dakika arobaini na nane," Mkuu alisema. "Tafuta mwingine. Ukikosa, nenda hivyo hivyo."

Simu ikakatika.

Miezi minane iliyopita kaka yake alikuwa amemwendesha huyu huyu Mgonjwa. Jina lake la kweli hakuna aliyelijua. Ofisini walimwita Mpiga Pasi, maana suti zake hazikuwahi kuonekana na mkunjo hata mmoja. Kaka walimkuta kando ya barabara, amekufa ndani ya gari, mkanda wa gari umefungwa bado. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenasa nyuma ya kiuno.

Bastola ilikuwa imetoka nusu.

Nusu tu.

Aliyeshona mkoba ule alikuwa mjomba wao, fundi wa ngozi. Tangu siku ile alishona viatu, mikanda na mabegi ya shule. Mkoba wa bastola hakugusa tena.

Sindano alisukuma mlango wa karakana yake bila kubisha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, binti? Nani anakufukuza?"

"Saa. Nataka mkoba wa bastola, mjomba. Wa kuendeshea gari."

Msharasi wa kutobolea ngozi ulisimama hewani, ncha yake ndefu ikimeta.

"Hiyo kazi nimeacha."

"Najua."

"Kama unajua, kunywa maji uende zako."

"Mjomba, leo namwendesha yule yule."

Mzee aliweka msharasi mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kulia.

"Mama yako anajua?"

"Mama anajua niko stoo nahesabu maboksi."

"Dada yangu atanizika hai," alisema. Akainuka, akafunga mlango kwa komeo, akavuta sanduku kutoka chini ya meza. Mikoba minne ya zamani ilikuwemo, imefungwa kwa gazeti. "Haya. Simama nikupime."

Alizungusha utepe kiunoni mwa Sindano. Mara mikono yake ikaacha kwenda. 

"Mjomba?"

"Nilimpima amesimama."

"Nani?"

"Kaka yako. Alisimama hapo hapo ulipo. Anacheka, ananiambia, mjomba fanya haraka njaa inauma. Nikampima amesimama. Akachomoa mara kumi, amesimama, safi kabisa, nikampigia makofi." Alikunja utepe. "Miaka thelathini nashona ngozi. Haikunijia hata mara moja kwamba mtu anaendesha gari amekaa."

Sindano alitazama saa. Saa nne na dakika ishirini na sita.

"Basi nikae, mjomba."

Mzee alijifuta uso kwa aproni. Akavuta kiti chenye egemeo, akamkalisha, akachukua kamba pana ya begi na kuipitisha kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto, kisha akaikatisha mapajani. Mkanda wa gari.

"Usukani uko kulia?"

"Kulia. Gari ni Crown, gia otomatiki."

"Na yeye hukaa wapi?"

"Nyuma, kushoto. Na lazima akuambie ufunge mkanda. Anajua mkanda ni pingu."

Mzee alimvalisha mkoba wa kwanza, wa kiuno cha kulia.

"Chomoa."

Kiwiko kiligonga egemeo. Kamba ililala juu ya kitako cha bastola. Glock haikusogea.

Wote wawili walijua wanamtazama nani.

"Toa huo," mzee alisema kwa sauti kavu. "Huu wa kwapani. Chomoa."

Sindano aliingiza mkono ndani ya koti. Kamba ya begani ilimbana mkono palepale.

"Ungekuwa unaenda harusini ungekupendeza. Toa. Wa mguuni?"

"Labda huu, mjomba."

"Ukiinama kutafuta mguu wako, atakuuliza umeangusha nini. Toa."

Wa nne ulikuwa wa kuchomeka ndani ya suruali. Kamba ya mapajani ilikandamiza kila kitu.

Saa nne na dakika thelathini na tatu.

Sindano alihisi jasho likimtiririka mgongoni. Aliona bomba la nyumbani kwao, lile lenye kitambaa cha kuzuia matone, na mama akikinga sufuria.

Mzee alikuwa amepiga magoti mbele yake, anakodolea kamba.

"Hapa," alisema ghafla. Aligusa tumbo la Sindano, kushoto kidogo ya kitovu. "Ona. Kamba mbili zinaacha pembe tatu katikati. Kitako kikikaa hapa, kimelala mshazari, kinatazama mkono wako wa kulia, hakuna kinachokizuia. Mkono hauendi nyuma. Unashuka tu kutoka kwenye usukani. Na mdomo wa bastola ukitoka, unageukia kushoto."

"Kwake."

"Kwake."

"Nishonee, mjomba."

"Ngozi mpya inang'ang'ania bastola. Inataka kulowekwa, ikaukie kwenye umbo lake siku mbili."

"Sina siku mbili. Nina dakika kumi na tano kabla ya kuondoka."

 Mzee alikwenda kabatini, akatoa kitu kilichofungwa kwa shati jeupe. Shati la kaka.

Ndani yake ulikuwa mkoba ule. Ngozi ya ng'ombe, kahawia, imelainika kwa kuvaliwa. Pembeni ulikuwa na doa jeusi lisilotoka.

Sindano alichomeka Glock. Iliingia kama imezaliwa humo.

"Ngozi haikuwa na kosa," mjomba alisema. "Kosa ni mahali nilipoiweka."

Alichana vipitishio vya mkanda kwa kisu, akavigeuza mshazari, akapaka gundi, akashona. Uzi uliopakwa nta ulikwenda na kurudi. Kifungo cha kubana alikikata na kukitupa. Kile hutoa sauti. Akakaza fundo la mwisho.

"Chomoa."

Ilitoka.

"Tena."

Ilitoka.

"Nenda," mzee alisema, akageukia ukuta.

Saa tano kamili.

Mpiga Pasi aliingia nyuma kushoto. Suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa. Mapajani aliweka chupa ya chuma, kama ya chai, kifuniko chake kimezungushiwa utepe mwekundu.

Sindano alipapasa kioo cha pembeni mara mbili. Mbali nyuma, pikipiki moja ya wenzake iliwasha taa, ikazima. Wameona. Lakini hawangeweza kusogea. Kifuniko kilikuwa chini ya vidole vya Mpiga Pasi.

"Funga mkanda, dada dereva."

"Nimefunga, bosi. Na wewe?"

"Mkanda unakunja koti."

Walikwenda. Barabara ya matangi ilikuwa nyeupe kwa jua. Kilomita sita. Nne.

"Gari linanuka gundi," Mpiga Pasi alisema.

"Viti vilishonwa upya jana, bosi."

Kwenye kioo cha ndani alimwona akipitisha ukucha juu ya mshono wa kiti. Polepole. Mshono mzima.

"Uzi huu ni wa kiwandani."

Kitu kigumu kiligusa kiti nyuma ya ubavu wa Sindano.

"Mikono yote kwenye usukani. Nilikuwa na dereva mwingine, naye alishikwa na hamu ya kujikuna mgongo. Alihangaika sana, masikini. Nilimhurumia."

Kilomita mbili. Ukuta wa matangi ulionekana. Spidi themanini.

Sindano aliuma meno.

Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Mkanda ulimshika kifuani kama mkono wa mtu mzima. Mpiga Pasi hakushikwa na chochote. Aliruka, akagonga kiti cha mbele kwa uso, risasi yake ikatoboa paa.

Mkono wa kulia ulishuka kutoka kwenye usukani.

Bastola ilitoka.

Yote.

Risasi moja, bega la kulia la Mpiga Pasi. Bunduki yake ndogo ilidondoka. Chupa ilibingirika sakafuni, ikagonga mlango, ikatulia. Utepe mwekundu ulikuwa mzima.

Mpiga Pasi alilala amejikunja kati ya viti, damu ikitoka puani, koti limekunjamana kama gunia.

"Ungefunga mkanda, bosi," Sindano alisema.

Alibonyeza redio.

"Sindano kwa Kituo."

"Sema."

"Mgonjwa amelala. Dawa ninayo."

"Kifuniko?"

"Hakijaguswa."

Pikipiki zilifika kwa vumbi. Watu wenye glavu waliibeba chupa kama kichanga. Sindano alijifungua mkanda mwenyewe, akashuka.  Alipiga simu.

Ilipokelewa kabla ya mlio wa kwanza kuisha. 

"Mjomba."

"Ilitoka?"

"Ilitoka."

 Alisikia kiti kikiburutwa, mtu mzima akikaa, na kilio ambacho kilikuwa kimengoja miezi minane.

Hakukata simu. Aliitia mfukoni ikiwa hewani, akafunga kifungo cha koti juu ya mkoba, akaanza kurudi mjini kwa miguu, bila haraka.