Msomaji wa Pili

"Hapo tumeshapita, Tabea," alisema Bwana Weta. "Shairi hilo ulilimaliza jana."

Tabea aliinua macho kutoka kitabuni. Jana ilikuwa Jumapili, na Jumapili nzima alikuwa kwao Lyamkena, asubuhi kanisani, mchana akipalilia viazi na mumewe, Gideoni. Hakukanyaga nyumba hii. Lakini mzee alikuwa kipofu, na umri ulikuwa umekwenda. Labda amechanganya siku. Akafunua ukurasa uliofuata, akasoma.

Ulikuwa mwaka wa 1949, miezi ya baridi, ukungu ukiifunika Makambako tangu alasiri. Bwana Weta, Mwingereza aliyekuwa mpima ardhi, alijijengea nje ya mji nyumba ya mawe yenye nguzo na matao kama alizoziona Italia ujanani mwake, hata watu wakaiita kanisa. Ndani, kuta zilijaa picha. Macho yalipomfia alimwajiri Tabea, aliyejifunza Kiingereza shule ya misheni, amsomee mashairi ya zamani na kumweleza picha zake moja baada ya nyingine.

"Usiniambie ni nzuri," alimwambia kila mara. "Niambie mwanga unaangukia wapi."

Mwaka uliotangulia Tabea alikuwa amemzika mtoto wake wa pekee. Hakulia msibani. Alilia aliporudi kazini, akimsomea mzee shairi la baba aliyefiwa, sauti ikamkatikia katikati. Bwana Weta alingoja tu, mpaka Tabea akaweza kulimaliza. Tangu siku hiyo aliipenda nyumba ile.

Sasa, alipokuwa akiondoka, Anania mpishi alimfuata uani.

"Dada Tabea, jana ulipitia mlango gani?"

"Jana sikuja, kaka."

Anania akashusha sauti. "Usinitanie. Nilikusikia unasoma. Nikakuletea chai, nikakuta kiti kitupu, na mzee anatabasamu peke yake. Chumba kinanuka udongo mbichi, kama kaburi linalochimbwa."

Wakatazamana.

Siku zilizofuata mzee aliacha kula. Alikaa mbele ya picha yake kubwa, ya ndani ya kanisa la kale, akageuza uso kama anayeona.

"Yule mwanamke amefika wapi?" aliuliza.

"Mwanamke gani, Bwana?"

"Uliyenieleza jana jioni. Mwanzoni alikuwa nyuma kabisa, gizani. Sasa amezipita nguzo karibu zote."

Tabea aliitazama picha kwa muda mrefu. Nguzo, sakafu tupu, mwanga ukishuka kutoka dirisha la juu. "Hakuna mtu, Bwana."

"Jioni unaona vizuri zaidi," alisema mzee kwa huzuni.

Asubuhi moja Anania alimkuta mzee bondeni nyuma ya bustani, peku, maji yakimfika magotini, anatetemeka na kucheka. Msomaji alikuwa akitembea mbele yake, alieleza, na yeye alifuata asipitwe na shairi.

"Usirudi kule, mke wangu," Gideoni alisihi aliposimuliwa. "Kitu hicho kimeshachukua sauti yako. Unataka kichukue nini tena?"

"Nikimwacha, safari nyingine hatatoka bondeni," Tabea alijibu.

Anania alimleta Tarsis, mganga kutoka Mawengi. Mtu huyo mfupi alisimama mlangoni, akanusa, akauliza swali moja: nani alikialika kitu hiki?

Bwana Weta alifunika uso kwa viganja. "Ulipokuwa msibani mwaka jana, Tabea, upweke ulinizidi. Nilikaa kizingitini nikasema, yeyote awezaye, aje anisomee."

"Basi nitafukiza dawa," Tarsis alisema, "lakini wa kukifukuza ni wewe, kwa kinywa chako, kikiwa kinasoma."

Mzee aligeuza uso upande wa picha.

Jioni hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nguzo za baraza hazikuonekana. Tarsis aliweka makaa yenye dawa kwenye milango. Tabea alisimama kwenye ukumbi mdogo, mkono kwenye kitasa, na kutoka ndani akaisikia sauti yake mwenyewe ikisoma.

Aliingia. Kiti kilikuwa kitupu na sauti ilitoka kitini, yake kabisa, ila haikuvuta pumzi hata mara moja, ikisoma habari za kanisa lisilo na paa ambamo mvua hunyesha usiku na mchana bila kumlowesha mtu, na harufu ya udongo ikawa nzito hata akahisi imemjaa mdomoni, na mzee akawa ameshainuka, mikono mbele, anapapasa kuelekea mlango wa bustani na bonde lililo nyuma yake, na Tabea akanyakua kitabu kilichokuwa karibu, akaanza kusoma kwa nguvu, sauti mbili zilizo moja zikipigana chumbani, mpaka akafika kwenye neno gumu, akalikosea, akarudia, akalikosea tena.

Bwana Weta alisimama.

"Huyo anayekosea," alisema taratibu, "ndiye Tabea." Machozi yalimtiririka. Aligeukia kiti. "Wewe unasoma vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Sikutaki. Nyamaza, utoke kwangu."

Sauti ilikatika katikati ya mstari. Picha zote zilitikisika ukutani, mlango wa bustani ukafunguka kwa kishindo, na kitu kizito chenye baridi kikampita Tabea begani. Kisha zikasikika kuni tu, zikipasuka mekoni.

Usiku ule mzee alikunywa uji bakuli zima. Harufu ilikwisha. Anania alimshukuru Mungu kwa Kibena na kwa Kiswahili, na Tarsis akaenda zake.

"Sitajua lilivyoishia," Bwana Weta alinong'ona Tabea alipomuaga. "Lile shairi."

Tabea alirudi Lyamkena na Anania akimmulikia njia kwa kandili. Mstari ule wa mwisho ulikuwa umemganda kichwani: mvua imefika madhabahuni, na mwanamke anafunua kinywa. Anasema nini? Aliupindua huku na huku, akajaribu kuumalizia mwenyewe, kila neno likawa dogo mno.

Gideoni alimpokea mlangoni. "Kimeondoka?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mbona umeziba mdomo?"

Hakuondoa mkono. Aliogopa kwamba akiufungua mdomo, katika giza lile la nje kilimotokomea kitu kile, neno la kwanza kumtoka lingekuwa: "Endelea."