Anwani ya Mdogo Mtu

Tangazo la kwanza halikuwa na jina la mtumaji, ila mdogo mtu alipolifungua kwenye simu yake, chumba kizima kilinuka marashi. "Jana ulilalia ubavu wa kushoto," lilisema. "Tuna mto unaokufaa."

Mdogo mtu alicheka, akalifuta. Dada yake, fundi cherehani, aliinamia mshono wake akajitia hamnazo, maana marashi yale aliyajua. Aliyanunua kwa mwanamke aliyevaa glavu mchana wa jua kali, na alipoombwa anwani ya barua pepe alifanya kama afanyavyo katika kila duka: akataja ya mdogo wake. Ya kwake hakutaka ichafuliwe. Takataka ziende kwa yule, ana muda wa kuzifuta.

Matangazo yakaja mfululizo. Yalijua ndoto za mdogo mtu, na kovu la gotini ambalo hakuwahi kumwonyesha mtu. Akayazuia, yakarudi. Mwishowe akabonyeza palipoandikwa "Jiondoe", likatokea swali moja: "Kwani upo?" Akajibu ndiyo.

Tangu hapo sauti ikatoka kwenye simu, ikaingia ukutani. Mchana kweupe, cherehani ikinyamaza tu, ilisikika ikimwita mdogo mtu kwa upole wa muuzaji, mara nyuma ya kabati, mara chini ya kitanda, na kila alipoitika alizidi kudhoofu, akaacha kula, hata jasho lake likawa linanuka marashi, na dada mtu akilifuta alitaka kusema akashindwa, nafsi ikimsuta kwamba amemuuza mdogo wake kwa kukimbia kero ya kufuta matangazo.

Mganga alikuja alasiri. Alinusa kuta, akaeleza kwamba jini huyu hakuvamia, alielekezwa. Aliyetoa anwani akikiri mbele ya mgonjwa na kuweka ya kwake badala yake, jini atamwachia mgonjwa.

"Ni nani aliyeitoa?" akauliza kwa sauti ya chini.

Dada mtu akafungua mdomo. Akakutana na macho ya mdogo wake, yaliyomwamini tangu mama yao alipofariki.

"Sijui," akasema. "Labda ni mambo ya mitandao tu."

Mganga akamtazama kidogo, akafunga mkoba wake. Simu ikalia. Mdogo mtu akasoma taratibu, kisha akainua uso.

"Dada," akanong'ona, "wanakushukuru kwa kunipeleka kwao."