Chungu Kinachovuja

Kila siku ya soko, mfinyanzi mmoja alifanya jambo lile lile. Alijaza chungu maji mpaka pomoni. Akakiweka juu ya gazeti kavu. Kisha akaita, "Hakivuji! Njoo ushike gazeti kwa mkono wako. Hakivuji!"

Ndiyo maana watu walimwita Mama Hakivuji. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kadi ya kliniki na kwenye daftari la ushirika.

Zamani alirudi nyumbani mikono mitupu, vyungu vyote vimenunuliwa. Siku hizi alirudi na vyungu vyote, na gazeti kavu vile vile. Watu walisimama, wakasifu, kisha wakaenda duka la pili kununua ndoo za plastiki.

Aliishi na binti yake na mjukuu wa miaka minne. Mjukuu alizaliwa mtundu, ila tumbo halikumpa nafasi ya utundu. Mwezi huo aliharisha mara mbili. Muuguzi aliuliza swali moja tu: "Mnakunywa maji gani?"

Maji yalikuwa ya kisima, yana rangi ya chai ya maziwa. Waliyachemsha mkaa ulipokuwepo, na mkaa haukuwepo kila siku. Mfinyanzi hulia gaeni, ndivyo wasemavyo wahenga. Katika nyumba ile vyungu vilijaa kila kona, lakini maji salama ya kutia ndani yake hayakuwapo.

Binti ndiye aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafinyanzi. Walikuwa wanachama kumi na sita, wenye banda moja na tanuri moja. Vyote vilikuwa mali ya wote, na kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe mkongwe au aliyejiunga jana. Lakini tanuri linalowashwa mara moja kwa mwezi halilishi watu kumi na sita.

"Jamani, tusidanganyane," Mwenyekiti aliwaambia. "Mwaka ukiisha bila kazi mpya, tulirudishe banda kwa halmashauri. Kila mtu ashike njia yake."

Mama Hakivuji aliumia. Matofali ya ukuta wa nyuma aliyafyatua yeye, akiwa na mimba ya binti huyu huyu. Usiku ule hakula vizuri.

Wiki iliyofuata, binti alileta barua kutoka kwenye shirikisho la vyama vya ushirika. "Mama, tunaletewa mfinyanzi wa nchi ya mbali. Amevuka bahari mbili. Atakaa nasi miezi miwili."

"Anatoka nchi tajiri?"

"Hata. Wanachota visimani kama sisi. Naye ni mwanachama wa ushirika kama wetu."

"Sasa maskini kwa maskini watapeana nini, mwanangu? Chawa?"

Mgeni akaja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwepesi wa kucheka. Mama Hakivuji alimtazama kucha kwanza. Zilikuwa na udongo usiotoka hata kwa sabuni. "Huyu ni mwenzetu," akasema, na moyo wake ukalegea kidogo.

Mgeni na binti walielewana kwa lugha ya shuleni. Maneno yalipopungua, walimalizia kwa mikono.

"Chukueni udongo wenu," mgeni alieleza. "Changanyeni na unga wa mbao wa seremala, uliochekechwa vizuri. Finyangeni chungu, kikauke, kichomwe. Ndani ya moto ule unga unaungua wote. Unaacha vitundu vidogo sana, jicho haliwezi kuviona. Maji yanapita humo. Uchafu na vijidudu vingi vinakwama."

"Ngoja kwanza," Mwenyekiti alisema. "Kwa hiyo hicho chungu kinavuja?"

"Kinavuja. Ndiyo kazi yake."

Watu kumi na watano wakamgeukia Mama Hakivuji, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Yeye hakucheka.

"Mwambie mgeni hivi," alimwambia binti. "Tangu nizaliwe sijafinyanga chungu kinachovuja. Mama yangu atafufuka aje anichape."

Hata hivyo alifanya kazi, maana alilitaka lile banda. Wakafinyanga vyungu kumi na viwili. Kwa kuwa mkono wake ndio uliosifika, walimwachia yeye avimalizie. Wenzake walipotoka, alibaki peke yake na vyungu vile vyenye ngozi ya kukwaruza. Aliona aibu kama mtu aliyevaa nguo ndani nje.

Mfukoni mwa gauni alikuwa na kokoto nyeusi, laini, aliyorithi kwa mama yake. Kwa kokoto hiyo alisugua kila chungu maisha yake yote, mpaka kikang'aa. "Nitaviweka sawa kidogo tu," alijiambia. Mkono ukaenda wenyewe. Akasugua chungu cha kwanza, ndani na nje. Akasugua vyote.

Vyungu vikakauka, vikachomwa. Siku ya kuvijaribu, walitia maji wakakaa kusubiri. Saa moja ikapita. Zikapita nne. Chini ya vyungu hapakuwa na hata unyevu.

"Basi tena," Mwenyekiti akasema. "Tumepigwa changa la macho. Jumamosi tupige kura ya kufunga banda."

Binti aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyewaomba wenzake wampokee mgeni. Mama Hakivuji alimwona mwanawe akifuta macho kwa kiganja.

Mgeni aliingiza mkono ndani ya chungu. Kidole gumba kikateleza. Akakipeleka chungu kwenye mwanga, akakigeuza. "Nani amefanya hivi?" aliuliza taratibu.

Mama Hakivuji angeweza kunyamaza. Lakini alimtazama tena binti yake, akasimama. "Ni mimi. Nimevisugua kwa siri, nikaziba vitundu vyote. Sikutaka jina langu life. Nisameheni, na wewe mgeni unisamehe."

Watu waliguna. Mgeni alisogea karibu. "Umesugua kwa kitu gani, Mama?"

Alitoa kokoto. Akachukua kipande cha udongo mbichi, akaanza kukisugua mbele yake. Udongo ukaanza kung'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Mgeni akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mnajua kwetu tunateseka namna gani?" alisema. "Chungu cha kuchuja hukaa ndani ya chombo kingine, kinachopokea maji safi. Sisi kwa hicho cha chini tunanunua ndoo za plastiki kwa watu wa mbali. Vyungu vyetu vinapoteza maji. Tumehangaika miaka! Na wewe dawa unayo mfukoni mwa gauni!"

Mama Hakivuji aliduwaa. Mtu amevuka bahari mbili kuja kufundisha, na sasa anaomba kufundishwa.

"Mwulize," alimwambia binti, "mbona anatupa siri yake bure? Wenzake hawatamlaumu?"

Mgeni alicheka. "Si siri yangu. Sisi tulifundishwa na wafinyanzi wa nchi nyingine, wenye shida kama zetu. Walitupa sharti moja: fundisheni wengine, na mkijifunza jipya, turudishieni. Sisi hatuna mashine kubwa. Tuna ujuzi, na ujuzi ukigawiwa haupungui."

Jumamosi hawakupiga kura. Walikanda udongo.

Safari hii Mama Hakivuji alimkabidhi mgeni kokoto. "Nishikie. Mkono wangu siuamini." Vyungu vilipotoka tanurini, binti alimimina maji ya kisima, yale yale ya rangi ya chai. Wote wakainama kutazama chini.

Kwanza udongo ukawa mweusi. Kisha ukatoka jasho. Tone likajikusanya, likaning'inia, likaanguka. Likafuata jingine. Mama Hakivuji alikinga bilauri, akaiinua kwenye mwanga, akaweka kiganja nyuma yake. Aliona mistari yote ya mkono wake.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Udongo ule ule!" Miaka hamsini alikuwa ameushika udongo ule, na hakujua una uwezo huo.

Alitaka kunywa, mgeni akamzuia. "Bado, Mama. Macho hayaoni vijidudu." Kwanza walipima kila chungu kinapitisha maji kiasi gani kwa saa. Kilichovuja mno kilivunjwa. Vilivyofaa vilipakwa dawa maalumu ya kuua vijidudu. Bwana afya akapeleka maji maabara, akarudi na karatasi: yanafaa kunywa. Ndipo wakanywa. Watu wazima wenye akili zao walikunywa kikombe kimoja kimoja, wakichungulia ndani kama watoto.

Siku ya kuondoka, mgeni alirudisha kokoto. Mama Hakivuji akavikunja vidole vya mgeni juu yake. "Nenda nayo. Mto wetu umejaa kokoto."

Siku ya soko ilipofika, Mama Hakivuji alipanga vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, juu ya gazeti kavu. "Cha juu kinavuja!" aliita. "Cha chini hakivuji! Njoo uone!" Kila mnunuzi alielezwa: usiguse ndani ya chungu kwa mikono michafu, kisugue kwa brashi safi maji yakipungua kasi, osha chombo cha chini mara kwa mara, na chungu kikipata ufa usikitumie tena. Kufikia saa sita gazeti lilibaki peke yake.

Tanuri sasa huwashwa kila wiki. Mjukuu hajarudi kliniki kwa ajili ya tumbo, na utundu wake umezidi mpaka bibi analalamika.

Juzi binti alimwonyesha mama yake picha kwenye simu. Ilitoka ng'ambo ya bahari mbili. Wanawake walisimama ndani ya banda kama lao. Mgeni alishika kokoto nyeusi. Mbele yake palikuwa na chungu kinachong'aa, juu ya gazeti kavu lenye maandishi wasiyoyajua. Ukutani, kwa chaki, walikuwa wameandika neno moja: HAKIVUJI.

Mama Hakivuji aliitazama kwa muda mrefu. "Mama yangu hakuwahi kuvuka hata mto," alisema. "Kokoto yake imevuka bahari mbili."

Kisha akafuta macho, akamkingia mjukuu kikombe cha maji, maana alikuwa ameyaomba mara tatu.